Merikebu ya Jiweni

Jumatatu, 29 Septemba. Sikukuu ya Mikaeli na malaika wote.

Asante Mungu, viazi vyote vimeingia ghalani kabla ya mvua. Nilikuwa bado na udongo kwenye kucha walipofika watu wa makumbusho. Mkubwa wao ni mwanamke, Tora, rika la binti yetu wa kwanza, mwembamba na mkavu wa maneno. Mwenzake ni Kaj, mpiga picha, mnene, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Wamekuja kunakili michoro ya kale iliyochongwa kwenye mwamba wetu, ule ulio chini ya shamba la shayiri. Holger jirani amewapangisha kijumba chake cha kiangazi.

Evert, mume wangu, aliwasubiri uani amevaa shati la kanisani. Siku ya kazi! Nikamuuliza, "Baba, leo unabatizwa tena?"

"Nyamaza, mama. Hawa ni wageni wa mwamba."

Watoto wamekwisha kuhama siku nyingi, lakini sisi tumebaki kuitana hivyo.

Doa la katikati ya macho yake limekua mwaka huu. Pembeni anaona, katikati hamna kitu. Akinitazama anaona masikio yangu na nywele, uso haoni. Jana alisema kwamba tangu hapo nimekuwa mrembo kama siku ya harusi. Nilicheka, kisha nikaenda kulia ghalani kwenye viazi.

Jumatano, 1 Oktoba.

Nilidhani kunakili ni kuchora. Kumbe sivyo. Kwanza wanafagia mwamba kwa brashi laini ya manyoya. Wanatandika karatasi nyembamba lakini ngumu, wanapitisha juu yake sponji iliyofungwa karatasi ya kaboni, taratibu, kama unavyomfuta uso mtoto mwenye homa. Halafu wanang'oa majani mabichi konzi moja na kusugulia, ili weusi ushike. Palipochongwa panabaki peupe: nyayo za miguu, ng'ombe, mtu mwenye shoka. Jiwe lenyewe halipati hata mkwaruzo.

Evert akawaambia kwamba zamani baba yake aliwachorea wageni kwa chaki ili waone vizuri. Tora alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino.

"Na kabla ya chaki?" akauliza.

"Kwa msumari," Evert akasema.

Kaj alicheka hadi akakaa chini. Evert alikuwa anatania, lakini Tora hakujua, na mimi sikumwambia.

Kisha Tora akaanza kugongagonga mwamba kwa kifundo cha kidole, sikio chini, kama daktari kifuani kwa mgonjwa. Kila mahali jiwe lilijibu kama jiwe. Lakini sehemu ya juu, penye mchoro wa merikebu kubwa, lilijibu kama kabati tupu. Aligonga mara nyingine, kisha akaondoa mkono.

"Ganda limeachana na mwamba," alisema. "Chini yake pana uwazi, na maji yanaingia. Hapa hakuna karatasi, hakuna utepe wa gundi, hakuna mguu wala mkono. Hapa ni taa na kamera tu, jioni kavu isiyo na upepo."

"Hata kidole?" Evert aliuliza.

"Hata kidole, Evert."

Evert akatia mikono mifukoni. Merikebu hiyo ndiyo baba yake alimshika kidole akakipitisha juu yake, kutoka tezi, nyuma, mpaka omo, mbele, kabla hajajua herufi hata moja. Tangu hapo kila mwaka, theluji ikishayeyuka, anashuka kwenda kuipapasa. Mwaka huu mguu ulimuuma, akasema atakwenda kiangazi. Kiangazi palikuwa na nyasi za kukata.

Ijumaa, 3 Oktoba.

Mvua.

Jumamosi, 4 Oktoba.

Mvua. Nimeoka mikate ya shayiri. Kaj amekula mitatu.

Jumanne, 7 Oktoba.

Mvua. Wamenywa kahawa jikoni kwetu na kutazama dirisha. Sehemu nyingine zote wamekwisha kuzinakili, imebaki merikebu. Maji yanachuruzika juu yake kutoka shambani, na taa ikimulika maji yanang'aa, mchoro hauonekani.

Evert alisubiri Kaj aende chooni, akasema kwa sauti ya chini, "Tora, mimi picha haitanifaa kitu. Unajua macho yangu."

"Najua."

"Nataka kuipapasa mara moja tu. Nitavua pete. Nitakata kucha."

Tora alizungusha kikombe chake. "Ganda lile ni jembamba kuliko unavyodhani. Mimi mwenyewe siligusi. Nenda penye nyayo, pale pagumu, papase utakavyo."

"Hiyo siyo merikebu yangu."

"Siyo yangu pia," Tora akasema.

Nilimwona mwanamke asiye na moyo. Nilimwongezea kahawa kwa kuwa ni mgeni, ila maandazi niliyarudisha kabatini.

Jumapili, 12 Oktoba.

Kanisani. Niwe mkweli humu: kwetu tulipokuwa wadogo, baba alitukataza kukanyaga miamba ya namna ile. Alisema ni kazi ya watu wasiomjua Mungu, na kwamba yule mtu anayesimama ndani ya merikebu, mikono juu, anamwita shetani. Nilipoolewa hapa nilipita mbali naye. Leo mchungaji alipoinua mikono kutubariki nilimkumbuka, nikaona haya. Huenda naye alikuwa anaomba tu, baharini, na mawimbi yamezidi.

Alhamisi, 16 Oktoba.

Jioni kavu, ya kwanza! Tulishuka sote. Walizungushia turubai jeusi, Kaj akaishika taa chini kabisa, karibu na ardhi, mwanga ukapita juu ya jiwe kwa ubavu. Mola wangu, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote niliyolisha ng'ombe hapo. Mwamba mzima uliamka. Kila kishimo kilipata kivuli chake. Nilimsimulia Evert kila kilichotokea, naye akawa ananirekebisha: "Nyuma ya yule ng'ombe pana mwingine mdogo, mama, tazama vizuri." Kweli alikuwapo.

Lakini merikebu ilikuwa bado na maji. Mstari mmoja tu, kama machozi, lakini ulipita katikati yake. Kaj akapiga picha ya omo peke yake, kwa majaribio. Tora akasema haifai.

"Kesho," akasema. "Siku moja zaidi bila mvua, itakauka."

Ijumaa, 17 Oktoba.

Mvua.

Jumapili, 19 Oktoba.

Mvua. Evert hakuja kanisani, mguu.

Jumanne, 21 Oktoba.

Mvua na upepo. Paa la zizi limevuja. Holger alipita na kusema watu wa makumbusho wangeajiri bata.

Ijumaa, 24 Oktoba.

Leo Tora ametueleza kitakachofuata. Wakishapiga picha ya merikebu, mwamba wote utafunikwa kwa mchanga na udongo, upandwe majani juu. Wameshapata idhini. Ukikaa wazi, baridi ya miaka michache itaumaliza. Chini ya mchanga unaweza kukaa hata watu wengine waje, wenye vifaa bora kuliko vyao.

"Kwa hiyo mnamzika," Evert akasema.

"Tunaufunika, Evert."

"Nimefukia ng'ombe na mbwa na baba yangu. Najua kuzika."

Tora hakukasirika. Alisema anachoogopa ni kitu kimoja: jalidi kali ije kabla hawajapiga picha. Maji yaliyo chini ya ganda yataganda, yatavimba, yatalisukuma ganda juu. "Usiku mmoja wa baridi kali unaweza kuondoka na merikebu yote." Ameagiza mikeka minene ya kukinga baridi. Itafika Jumatatu ya tarehe tatu.

Si mara ya kwanza: ameyasema maneno hayo karibu kila tunapokunywa kahawa. Usiku mmoja wa baridi. Sasa Evert anasikiliza redio ya hali ya hewa kama watu wengine wanavyosikiliza habari za vita.

Walipoondoka nilimwambia, "Ana haki, baba."

"Haki anayo," akasema. "Mimi ninayo mikono."

Jumatano, 29 Oktoba.

Ukungu. Huoni zizi kutoka mlangoni. Evert anasema sasa sote tumekuwa sawa.

Jumamosi, 1 Novemba. Siku ya Watakatifu Wote.

Nimechelewa kuandika, mikono inanuka utomvu.

Tora na Kaj wameenda mjini kwao mpaka Jumatatu. Asubuhi nilikwenda makaburini, ni zamu yangu na akina mama wenzangu kuyatengeneza. Tulifagia, tukawasha mishumaa, tukafunika makaburi kwa matawi ya msonobari kama kila mwaka, tukayawekea mawe ili upepo usiyachukue. Kaburi la wazazi wa Evert nililifunika vizuri, matawi yamepishana kama vigae. Mbingu ilikuwa safi na baridi ilianza kuuma masikio. Mke wa Holger akasema leo itaganda.

Nilirudi giza likianza kuingia. Evert hakuwamo ndani. Redio ilikuwa inaongea peke yake jikoni. Shoka halikuwepo ukutani.

Nilimkuta mwambani. Alikuwa amekata matawi ya msonobari, mzigo mkubwa, sijui aliyavutaje na mguu ule na macho yale, na ameufunika mwamba wote kuanzia chini hadi juu. Matawi yamepishana kama vigae. Juu yake amepanga mawe. Viatu vyake vilikuwa pembeni kwenye majani, vimewekwa pamoja kama vya mtoto aliyefunzwa. Alikuwa amesimama na soksi, zimelowa.

"Baba! Unafanya nini?"

"Redio imesema jalidi. Mikeka inafika Jumatatu." Alikuwa anahema. "Nimevua viatu, mama. Sikukanyaga na viatu."

"Ulipanda juu?"

"Ningefunikaje bila kupanda?"

"Uligusa?"

Alipapasa pembeni akitafuta viatu. "Sikugusa kwa mkono," akasema.

Nilimvalisha viatu. Vidole vya miguu vilikuwa vyeupe. Nilimsifu, Mungu ni shahidi, nilimwambia amefanya kazi nzuri, Tora atafurahi. Alishika njia ya nyumbani kabla sijamaliza. Nilidhani ni uchovu. Amekula kijiko kimoja cha supu na kwenda kulala bila kusali kwa sauti, jambo ambalo sijaliona tangu mama yake alipofariki.

Jumapili, 2 Novemba.

Jalidi haikuja. Usiku mawingu yalirudi, na asubuhi ilikuwa mvua. Kanisani Evert hakuimba hata ubeti mmoja.

Jumatatu, 3 Novemba.

Walifika na mikeka kwenye gari. Nilishuka nao mimi, Evert alisema atabaki. Tora alipoona matawi alisimama.

"Nani amefanya hivi?"

"Evert. Kwa ajili ya jalidi." Nilisema kwa fahari. Najuta jinsi nilivyosema.

Tora aliinama. Alitoa jiwe moja, akatoa tawi moja, kisha lingine, kutoka pembeni. Kaj alitaka kusaidia, akamzuia. Alipofika juu alipiga magoti kwenye majani, nje ya mwamba, akakaa hivyo muda mrefu. Nikasogea.

Pale penye merikebu palikuwa pamebonyea, duara kama goti la mtu. Ganda limevunjika vipande vipande, vingine vikubwa kama kiganja, vingine kama maganda ya yai, na vingi vimekuwa changarawe iliyochanganyika na majani ya msonobari. Chini yake jiwe jipya, la rangi ya waridi, halijawahi kuona jua. Omo ilibaki kidogo. Yule mtu mwenye mikono juu hakuwepo kabisa.

Kaj alikwenda kwenye gari. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni baridi.

Nyuma yetu nikasikia hatua. Evert alikuwa amekuja polepole, akishika uzio wa shamba.

"Imelia," akasema. "Juzi. Nilipoweka goti. Ililia kama barafu ya kwanza ziwani ukiikanyaga. Nilijua hapo hapo."

Nilishtuka. "Na ukanyamaza, baba? Siku mbili?"

"Nilitaka Jumapili ipite kwanza."

Tora aliinuka. Nilimwogopa. Alisema, "Nilikuomba kitu kimoja, Evert. Kimoja."

"Ulisema baridi italiua."

"Nilisema inaweza!"

"Ulisema usiku mmoja. Kila siku, usiku mmoja, usiku mmoja. Mimi nalala na maneno hayo. Nifanye nini, nikae jikoni nisikilize redio?"

Tora alivitazama vile vipande chini. Halafu uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu mzima aliyechoka sana. "Kweli nilisema," akasema. "Nilisema kila nilipokuja kwenu. Sikusema nini cha kufanya, na nikaenda zangu mjini."

Hakuna aliyemsamehe mwenzake pale, nisije nikaandika uongo. Lakini hawakuendelea.

Kisha Tora akaniuliza kama nina trei za kuokea. Nikamletea zote. Akatia mchanga mkavu ndani yake, akalala kifudifudi kwenye ubao, akaanza kuokota vipande kwa koleo ndogo, kimoja kimoja, huku Kaj akipiga picha kabla ya kila kimoja kuondolewa. Mvua ikaanza, tukamshikia turubai mimi na Kaj. Aliendelea hadi taa zikawashwa. Vidole vyake vilitoka damu kwa baridi. Nilimwita mtu asiye na moyo, mimi, mwezi uliopita.

Jumatano, 5 Novemba.

Evert hasemi. Ananiitikia tu.

Ijumaa, 7 Novemba.

Mvua. Amesema, "Baba yangu alikwaruza kwa chaki maisha yake yote, halikuvunjika." 

Jumatano, 12 Novemba.

Evert amemuuliza Tora ataandika nini kwenye karatasi kubwa ya nakala ya mwamba. Tora akasema pale patabaki peupe, na pembeni wataandika kwamba uso umevunjika kwa uzito, Novemba mwaka huu.

"Andika jina langu."

"Hatuandiki majina."

"Basi watakaokuja watadhani ni ng'ombe."

"Wataona kwamba ni mtu," Tora akasema. "Tumepiga picha ya matawi pia."

Nimemwombea Tora leo kwa jina lake, kwanza kabla ya watoto wangu.

Jumanne, 18 Novemba.

Holger ameleta mchanga kwa trekta. Wametandika kitambaa, wakamwaga mchanga, wakamwaga udongo. Holger kwa kawaida hana breki mdomoni, leo hakutania hata mara moja. Alimpa Evert sepetu. Evert alitupa mara moja tu, kama tunavyofanya kaburini, akamrudishia.

Jumamosi, 22 Novemba.

Tora amekuja kuaga na kuchukua trei, ambazo zimekaa chumbani kwa watoto muda wote huu. Vipande vinakwenda ghala la makumbusho. Alikuwa na sanduku lenye pamba. Mvua imenyesha kutwa.

Kabla hajaanza kupanga alimwita Evert mezani. "Kaa hapa," akasema. "Hivi unaweza kuvishika."

Evert hakuelewa. "Si umekataza?"

"Nilikataza mwamba. Hivi vimekwisha kutoka. Kidole hakiwezi kuviharibu zaidi."

Evert akanawa mikono kwenye sinki, muda mrefu, kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Akakaa. Tora akamwekea kiganjani kipande kikubwa kuliko vyote. Mimi nilikuwa naweka maji ya kahawa, nikaacha bomba wazi bila kujua.

Alipitisha kidole gumba juu yake. Akakigeuza, akapitisha tena. Akafumba macho, ingawa kwake hakuna tofauti kubwa. Nilikuwa namtazama midomo, nikingoja.

"Hiki ni cha wapi?" akauliza.

"Cha tezi. Ule mstari wa chini."

"Mstari uko wapi?"

Tora akamshika kidole, akakipitisha juu ya jiwe, polepole.  Akapewa cha pili, na cha tatu. Vyote alivipapasa kwa subira, kama anayetafuta shilingi gizani. Mwishowe akakiweka kile cha mwisho kwenye pamba, kwa uangalifu sana, akakisawazishia pamba kama kitanda.

"Sisikii kitu, mama," akaniambia mimi, si Tora. "Ni kokoto tu."

Tora hakutafuta neno la kumfariji, na nilimshukuru kwa hilo. Alifunga sanduku, akatupa mkono sote wawili, akaushikilia wa Evert zaidi. Kisha gari likaondoka.

Evert alibaki mezani, mikono yake wazi mbele yake. Baada ya muda akauliza, "Mvua imekatika?"

Nikaenda dirishani. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu. Mawingu yamepasuka, hakuna upepo, hakuna hata tawi linalotikisika, giza linaingia safi na kavu. Ni jioni yenyewe waliyoisubiri tangu sikukuu ya Mikaeli.

Nikavuta pazia, nikamwambia bado inanyesha.